Karani akipunja kipimo, dhambi ni ya nani?

KATIKA zama hizi tumezoea kusikia kuwa kampuni fulani imefanya kosa, kampuni imelipa faini, kampuni imeomba radhi. Tunasema hivyo kana kwamba kampuni ni mtu mwenye mikono ya kuibia na moyo wa kujuta. Lakini ukimtafuta huyo aliyefanya kosa, humuoni. Karani anasema alitumwa. Meneja anasema alifuata utaratibu. Mkurugenzi anasema hakuwa na habari. Mwenye mali naye anasema hakuamuru. Mwisho wa yote dhulma imefanyika, waliodhulumiwa wapo, na mali iliyochukuliwa ipo, ila mdhulumu hayupo.

Swali ninalotaka tulitafakari wiki hii ni hilo. Dhulma ikigawanywa vipande vidogo vidogo, kila mtu akafanya kipande chake, ni nani wa kuulizwa? Je, dhambi nayo inagawanyika mpaka isimguse mtu yeyote?

Sitaki tulijadili swali hili hewani. Nimechagua mfano mmoja wa kweli, wenye kumbukumbu za mahakama na za Bunge, nao ni wa kampuni ya Kimarekani inayoitwa Koch. Makao yake makuu yako katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas. Ilianzishwa mwaka 1940 na mhandisi Fred Koch kama kampuni ya kusafisha mafuta. Alipofariki mwaka 1967 uongozi ulishikwa na mwanawe Charles, ambaye aliiongoza kwa zaidi ya nusu karne. Kwa miaka mingi ilijulikana kama Koch Industries, na mwaka 2024 ikabadili jina na kuwa Koch, Inc.

Msomaji anaweza asiwe amewahi kulisikia jina hilo, na hilo si ajabu. Ni kampuni isiyopenda kelele. Lakini shughuli zake ni kubwa mno. Inasafisha mafuta, inamiliki mabomba ya kusafirishia mafuta na gesi, inatengeneza mbolea, nailoni, vioo, vifaa vya umeme na programu za kompyuta. Mwaka 2005 iliinunua kampuni ya karatasi na mbao ya Georgia-Pacific kwa dola bilioni 21, pamoja na madeni yake. Ina wafanyakazi wapatao 120,000 katika nchi nyingi duniani, na kwa makadirio ya jarida la Forbes katika miaka ya karibuni mapato yake yalifika takriban dola bilioni 125 kwa mwaka. Katika kampuni binafsi za Marekani, imekuwa ikishindania nafasi ya kwanza na Cargill, wafanyabiashara wa nafaka.

Nimesema kampuni binafsi, na hapo ndipo penye sababu ya kuichagua. Kampuni nyingi kubwa za dunia huuza hisa zake sokoni. Wenye hisa ni maelfu kwa maelfu, wengine ni walimu na wauguzi ambao pensheni zao zimewekezwa humo bila wao kujua. Ukiuliza nani mwenye mali, utajibiwa kuwa ni kila mtu, maana yake hakuna. Koch si hivyo. Hisa zake hazipatikani sokoni, na hailazimiki kutangaza hesabu zake kwa umma. Zaidi ya asilimia 80 imekuwa mikononi mwa familia mbili tu, ya Charles na ya mdogo wake David aliyefariki mwaka 2019. Hapa mwenye mali anajulikana kwa jina na kwa sura. Basi tukishindwa kumpata wa kuulizwa hapa, hatutampata popote.

Sasa tuangalie yaliyotokea.

Katika miaka ya 1980 kampuni hii ilikuwa mnunuzi mkubwa wa mafuta ghafi yanayotoka kwenye visima vidogo vidogo, vikiwemo vilivyoko katika ardhi ya wenyeji wa asili wa Marekani, kama watu wa Osage wa Oklahoma. Wenye visima hawana mabomba yao wala viwanda. Mafuta yakitoka ardhini yanawekwa kwenye tangi pale pale shambani, na mnunuzi anakuja kuyachukua. Anayekuja ni mpimaji, mfanyakazi wa mnunuzi. Anashusha utepe wa chuma ndani ya tangi na kusoma kina cha mafuta. Anapima joto, maana mafuta yakipata moto huvimba. Anachukua sampuli kuona kuna maji na tope kiasi gani. Kisha anafungua valvu, mafuta yanaondoka, anapima tena yaliyobaki, anaandika stakabadhi na kuiacha. Mara nyingi muuzaji hayupo. Anaamini kilichoandikwa.

Ndugu msomaji, tazama ilivyo rahisi. Chukua tangi la duara lenye kipenyo cha futi 12. Mpimaji akipunguza nusu inchi tu katika kusoma utepe wake, anakuwa amechukua zaidi ya lita 130 za mafuta bila kuzilipia. Nusu inchi ni upana wa ukucha. Hakuna atakayemshika. Akiulizwa atasema mwanga ulikuwa hafifu, au utepe ulikuwa na utelezi. Na huenda siku moja ikawa kweli. Lakini makosa ya kweli huenda pande zote mbili, leo yanampunja muuzaji na kesho yanampunja mnunuzi. Ukiona kwa mwaka mzima, katika visima maelfu, makosa yanaegemea upande mmoja tu, basi hayo si makosa tena.

Kamati maalumu ya Seneti ya Marekani iliyochunguza mambo ya wenyeji wa asili ilitoa ripoti yake mwaka 1989. Iliituhumu kampuni hiyo kwa kuchukua mafuta ya wenyeji hao na ya watu wengine kwa njia ya vipimo vya udanganyifu, na ikakadiria kuwa thamani ya mafuta yaliyochukuliwa bila malipo katika miaka 3 ilifikia dola milioni 31. Kampuni ilikana. Charles Koch alipohojiwa na wachunguzi alijitetea kuwa kupima mafuta si jambo lenye uhakika kamili. Uchunguzi wa jinai uliofuata huko Oklahoma ulifungwa mwaka 1992 bila mtu yeyote kushitakiwa. Haki inatutaka tuseme na hilo pia.

Lakini suala halikuishia hapo. Bill Koch, ndugu wa tumbo moja na Charles, aliwahi kuwa mwenye hisa katika kampuni hiyo. Mwaka 1983, baada ya ugomvi mkubwa, yeye na kaka yao mkubwa Frederick walinunuliwa hisa zao wakatoka. Baadaye Bill aliona amepunjwa, na ndugu hao wakashitakiana kwa karibu miaka 20. Kati ya kesi alizofungua Bill ni ile ya vipimo vya mafuta. Marekani ina sheria ya tangu mwaka 1863 inayomruhusu raia kumshitaki kwa niaba ya serikali mtu anayeidanganya serikali, na akishinda anapata fungu. Mafuta mengi yalitoka katika ardhi ya serikali kuu na ardhi ya wenyeji inayosimamiwa na serikali hiyo, hivyo sheria ikamfungulia mlango.

Desemba 1999, mjini Tulsa, juri, yaani raia wa kawaida wanaoteuliwa kuamua kesi, iliamua kuwa kampuni ilitoa taarifa za uongo karibu 25,000 kuhusu mafuta iliyochukua. Mwaka 2001 pande zote zilipatana, kampuni ikalipa dola milioni 25, na sehemu ya fedha hizo ikaenda kwa Bill mwenyewe kama sheria inavyosema. Linganisha tarakimu hiyo na ile ya Seneti. Malipo ya mwisho yalikuwa pungufu ya makadirio ya miaka 3 tu.

Wapo watakaosema kuwa ushahidi wa ndugu mwenye kisasi haufai. Nawaelewa. Ni kweli Bill hakuwa mtetezi wa watu wa Osage. Alikuwa anapigana vita vya urithi. Lakini chuki ya shahidi haibadilishi kina cha mafuta ndani ya tangi. Chuki inatulazimisha tuuchunguze ushahidi wake mara mbili, haituruhusu kuutupa. Na waliokuja kutoa ushahidi mahakamani si Bill peke yake. Walikuja wapimaji wenyewe.

Na hapa tunafika kwenye kiini cha mada. Wapimaji wale hawakuwa wakiyapeleka mafuta nyumbani kwao. Walikuwa watu wa mshahara, wenye watoto wa kulisha. Walioeleza jinsi kazi ilivyokwenda walisema kuwa rekodi ya kila mmoja ilikuwa ikiangaliwa, nani amepata ziada na nani amepungukiwa. Anayepungukiwa anaulizwa. Anayepata ziada haulizwi kitu. Hakukuwa na haja ya mtu kuandika barua inayosema nendeni mkaibe. Mtu akishajua analoulizwa na asiloulizwa, ameshaelewa anachotakiwa kufanya.

Tuanze na huyo mpimaji. Je, yeye hana lawama kwa kuwa alitumwa? Sioni namna ya kumsafisha. Aliyeshika utepe ni yeye. Aliyeona namba sahihi akaandika nyingine ni yeye. Mtu hawezi kumkodisha mwenzake mkono wake kisha akasema mkono haukuwa wake. Tukikubali udhuru wa "nilitumwa", hakutabaki kosa lolote duniani lenye mwenyewe, maana karibu kila kosa kubwa hufanywa na watu waliotumwa. Lakini pia si insafu kumtwika yeye mzigo wote. Aliogopa kufukuzwa kazi, na hofu hiyo aliyeitengeneza ni mwingine. Kwa hiyo lawama yake ipo, ila ni ya mtu mmoja na matangi yake. Hakuwa yeye aliyepanga matangi yote yapungue.

Tuje kwa kampuni. Sheria inaiita mtu wa kisheria. Inaweza kumiliki, kukopa, kushitaki na kushitakiwa. Ni ufundi mzuri wa wanasheria, na biashara kubwa zisingewezekana bila hiyo. Lakini ni ufundi tu. Mtu wa kisheria hafi, halali njaa, haoni haya mbele ya jirani, na hatafukuliwa kaburini aulizwe chochote. Ukimtoza faini, anaandika hasara kwenye daftari na kesho anafungua ofisi. Kuilaumu kampuni peke yake ni sawa na kulilaumu gari lililomgonga mtoto. Gari litavutwa mpaka kituo cha polisi, lakini kila mmoja anajua kuwa lilikuwa na dereva.

Anabaki mwenye mali. Utetezi wake ni kuwa hakujua, na kama alijua hakuamuru. Nataka tuupime utetezi huu kwa mizani yake mwenyewe, si yangu.

Charles Koch ni mtu wa fikra. Anajivunia mfumo wa uongozi alioubuni, na mwaka 2007 alitoa kitabu kuuelezea. Msingi wa mfumo huo ni kwamba kampuni iendeshwe kama soko. Mfanyakazi apewe madaraka, apimwe kwa faida anayoleta, na atuzwe kwa kadiri hiyo, kwa sababu binadamu hufuata motisha. Ukitaka watu wafanye jambo, panga tuzo zielekee kwenye jambo hilo. Na tukubali kuwa mfumo huo umemletea mafanikio makubwa, maana kampuni aliyoirithi imekua mara nyingi kupita ilivyokuwa kwa baba yake.

Vyema. Lakini kama binadamu hufuata motisha, na kama aliyepanga motisha ni mwenye mali, basi mwenye mali hawezi kujivunia faida iliyotokana na motisha hizo kisha akashangaa kuona udanganyifu uliotokana na motisha zile zile. Faida na ziada ya kwenye tangi vimetoka kwenye mti mmoja. Huwezi kusema mti ni wangu kwa matunda, ila kwa miiba ni wa jirani. Kwa falsafa yake mwenyewe, anayepanga tuzo ndiye anayepanga matendo.

Wala mafuta ya Oklahoma hayakuwa peke yake. Mwaka 1995, huko Corpus Christi, Texas, kiwanda cha kampuni hiyo cha kusafisha mafuta kilikuwa kikitoa benzeni, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Kiwango kilichoruhusiwa kilikuwa tani 6 kwa mwaka. Mama mmoja, mtaalamu wa mazingira kiwandani hapo, alifanya hesabu yake akapata tani 91. Ripoti iliyopelekwa kwa mamlaka za jimbo ikasema 0.61. Mama yule alikwenda mwenyewe kwa wakaguzi wa serikali akawaeleza. Alisimulia baadaye kuwa aliwekwa katika ofisi tupu isiyo na kazi, hatimaye akaacha. Mwaka 2000 kampuni ilifunguliwa mashitaka 97 ya jinai. Mwaka 2001 ilikiri kosa moja, la kuficha taarifa za benzeni, na ikalipa dola milioni 20, nusu faini na nusu kwa miradi ya mazingira.

Mama huyu anatusaidia kujibu wale wanaosema mfanyakazi mdogo hana la kufanya. Alikuwa nalo, akalifanya, na likamgharimu. Lakini anatufundisha na jambo jingine, kwamba mahali ambapo mkweli hutengwa na mwongo huachwa, hakuna haja ya kutafuta barua ya amri.

Kisha kuna mabomba. Tarehe 24 Agosti 1996, karibu na Lively, Texas, bomba la kampuni hiyo lililobeba gesi ya butani lilikuwa limeliwa na kutu, likapasuka. Vijana wawili, wote wa miaka 17, walisikia harufu ya gesi. Nyumba waliyokuwamo haikuwa na simu, wakapanda gari kwenda kuwatahadharisha majirani na kuomba msaada. Gari likaingia ndani ya wingu la gesi, gesi ikalipuka, wakafa wote wawili. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilichunguza ikasema chanzo ni kampuni kushindwa kulilinda bomba dhidi ya kutu. Mwaka 1999 juri iliamua kampuni ilipe dola milioni 296. Na Januari 2000 kampuni ilikubali faini ya dola milioni 30 kwa mivujo zaidi ya 300 ya mafuta kutoka kwenye mabomba na mitambo yake katika majimbo 6, yapatayo galoni milioni 3.

Tangi, ripoti ya benzeni, unene wa chuma kilicholiwa na kutu. Ukiyatazama mambo haya matatu utaona yote ni kipimo. Katika kila moja palikuwa na namba ya kweli, na palikuwa na faida kwa asiyeisoma namba hiyo kama ilivyo. Wa kwanza kupunjwa alipoteza mafuta yake. Wa pili akavuta hewa yenye sumu. Wa tatu wakapoteza roho. Aliyezoea kupunja kwenye tangi hajui mazoea yatamfikisha wapi.

Sisi hapa hatuhitaji kwenda Oklahoma ili tuelewe. Mkulima wa viazi au vitunguu anaijua lumbesa. Gunia linashindiliwa, kisha linashonewa kilemba juu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria inakataza, lakini lumbesa haijaisha. Ni mfano ule ule, mnunuzi ndiye anayepima mali ya muuzaji, na anapima kwa faida yake. Wasomaji wa safu hii wanajua kuwa iko sura nzima iliyopewa jina la wapunjaji. Haikuzungumzia anayepunguza anapouza tu, bali ilianza na yule anayejipimia kwa watu akajaza. Na katika miji ya Waislamu ya zamani alikuwapo afisa, muhtasib, ambaye kazi yake mojawapo ilikuwa kukagua mizani na vibaba vya sokoni. Wazee wetu hawakuiacha mizani kwenye dhamira ya mfanyabiashara peke yake.

Niliwahi kuzungumza na mzee mmoja aliyefanya biashara ya nafaka Tandale kwa miaka mingi. Nilimuuliza alikuwa anawalindaje makarani wake wasimwibie. Alicheka. Akaniambia kuwa karani anayemwibia yeye si tatizo kubwa, hesabu itamuumbua. Anayemtisha ni karani anayewaibia watu kwa ajili yake, maana huyo hesabu inamsifu. Kwa hiyo, akasema, kila alipoona gunia limezidi bila maelezo, alikuwa akiuliza kwa ukali kuliko lilipopungua.

Sijasikia kanuni ya uongozi iliyo nzuri kuliko hiyo. Uliza ziada kama unavyouliza pungufu. Mwenye mali anayeuliza pungufu tu na kuinyamazia ziada ameshatoa amri, hata kama hakufungua mdomo. Hapo ndipo ninapoona jibu la swali letu. Dhambi haigawanyiki ikaisha. Kila mmoja anabeba ya kwake kamili, mpimaji ya utepe wake, meneja ya shinikizo lake, na mwenye mali ya mfumo mzima, kwa sababu yeye ndiye peke yake aliyekuwa na uwezo wa kuusimamisha kwa neno moja.

Kuna atakayeniuliza ninajuaje kuwa alikuwa na uwezo huo. Najua kwa sababu aliutumia. Baada ya masaibu hayo ya mwisho wa miaka ya 1990, Charles Koch alibadili msimamo. Alitangaza kaulimbiu ya utii wa sheria wa asilimia 10,000, akimaanisha asilimia 100 ya wafanyakazi watii sheria kwa asilimia 100 ya wakati. Wanasheria na wakaguzi wakapewa nguvu ndani ya kampuni. Ni jambo jema, na lisibezwe. Lakini linathibitisha kuwa siku zote ilikuwa inawezekana. Aliyeweza kusema baada ya hukumu angeweza kusema kabla. Tofauti ni kwamba kabla ya hukumu kunyamaza kulikuwa na faida, na baada ya hukumu kukawa na hasara.

Mwingine atasema kuwa kampuni hizi zimewapa watu kazi, mbolea imelisha watu, mafuta yameendesha magari. Ni kweli tupu, nami sina ugomvi na utajiri wala na ukubwa wa biashara. Mali iliyochumwa kwa haki ni neema hata ikiwa milima. Lakini wema wa upande mmoja haulipi deni la upande mwingine. Mtu akijenga visima kumi vya maji kijijini, bado anadaiwa gunia alilompunja mkulima. Deni hulipwa kwa aliyedaiwa, si kwa jirani yake. Ndiyo maana faini peke yake hainiridhishi. Faini huenda hazina ya serikali. Mwenye tangi lililopunjwa anahitaji mafuta yake, au thamani yake.

Nimeandika haya si ili tukae tuwanyooshee vidole Wamarekani. Hapa mjini biashara nyingi, kubwa na ndogo, ni mali ya familia. Baba ameanzisha, watoto wameshika, makarani wapo kaunta na madereva wapo njiani. Mwenye mali hujivunia kuwa hana wenye hisa wa kumhoji, hana hesabu za kutangaza magazetini, na anaamua peke yake. Hiyo ni raha kubwa ya biashara. Basi na ajue bei yake. Aliyeamua peke yake ataulizwa peke yake. Hana maelfu ya wenye hisa wa kujificha nyuma yao.

Na sisi tulio wengi, ambao hatumiliki chochote ila tunafanya kazi kwa watu, tusijidanganye kuwa swali hili ni la matajiri. Utepe uko mikononi mwetu. Ni sisi tunaosoma mita, tunaojaza fomu, tunaopima unga na mafuta ya taa, tunaoandika ripoti ambayo bosi ataisaini bila kuisoma. Mwenye mali ana lake la kujibu. Lakini namba iliyoandikwa kwa mwandiko wako ni yako.

Jumatatu bosi atakapopita kuangalia daftari na kukuta ziada, msikilize vizuri. Kama atauliza imetoka wapi, jua unafanya kazi kwa mtu anayejichunga, na mshikilie. Kama atatabasamu na kupita, jua umeshapewa amri. Kuitii au kuikataa, hilo ni juu yako.